Mshipa umekatika, lakini mshipa gani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nilizungumzie neno moja ambalo magazeti, hospitali na sisi wenyewe mitaani tunalitumia ovyo: mshipa. Iwe ni msimu wa kuvuna mpunga Usangu, wakati wa kufyeka mashamba Rungwe, au siku yoyote ya kazi kwenye mashine za mbao Mafinga, habari huja kwa sentensi ileile: "amekatwa mkono, mshipa umekatika." Msomaji anasikitika, anafungua ukurasa unaofuata. Mshipa gani? Hilo haliandikwi.

Muuguzi akisema "mshipa hauonekani", anatafuta vena ya kutolea damu, ile inayorudisha damu moyoni. Anayesema "mshipa unapiga" kashika ateri, ile inayotoa damu moyoni. Mzee anayelalamika kwamba "mshipa umevutika" anasema kano, ile kamba nyeupe inayounganisha msuli na mfupa. Anayesema "mishipa imekufa ganzi" anasema neva, ambayo vitabu vya shule huiita mshipa wa fahamu. Tena ukisema fulani anaumwa mshipa, wengi wataelewa ana ngiri. Mambo matano, neno moja. Kwenye maongezi haidhuru. Kwenye jeraha la mkono inadhuru sana, kwa sababu vitu hivi havitibiwi kwa njia moja. Ateri ikikatika kila mtu anaona na kila mtu anakimbia. Neva ikikatika haitoi damu ya kutisha, hivyo damu ikishakauka na ngozi ikishashonwa watu huhesabu kwamba kazi imekwisha. Miezi mitatu baadaye tako la gumba, ile nundu ya nyama kiganjani chini ya gumba, limebonyea, vidole viwili vya mwisho vimejikunja kama kucha za mwewe, ndipo hospitali inaanza kutafutwa upya.

Msomaji aweke mkono wake mezani, kiganja kikitazama juu, agusanishe ncha ya gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kisha akunje kifundo cha mkono kidogo. Kamba inayosimama katikati ya kifundo ni kano. Wapo ambao haisimami kwa sababu hawanayo kabisa, na si ugonjwa. Chini yake kidogo, kwa upande wa gumba, inapita neva ya mediani. Kutoka ngozini hadi kwenye neva hiyo hapafiki sentimita moja, na unene wake unakaribia penseli. Sogea upande wa gumba hadi unapogusa mapigo: hiyo ni ateri ya radiali, ile anayoishika daktari akihesabu mapigo ya moyo. Sasa nenda upande wa pili, chini ya kidole cha mwisho, utapapasa kifupa cha mviringo kama njegere. Kano inayofika pale ni ya mwisho kwa upande huo, na ubavuni mwake, kwa upande wa katikati ya kifundo, zimelala pamoja neva ya ulnari na ateri yake. Ndiyo maana bati la kuezekea au chupa iliyovunjika ikipita hapo kwa kina cha ukucha tu huweza kuchukua neva na ateri kwa mpigo mmoja.

Sasa kosa linalorudiwa kuliko yote. Majeruhi anafika zahanati, kifundo kimepasuliwa. Anaambiwa akunje ngumi. Anakunja. "Mishipa iko salama," anashonwa, anarudi nyumbani. Ngumi haithibitishi chochote kuhusu neva za kifundoni. Misuli inayokunja vidole haikai kiganjani. Imelala kwenye kigasha, huku juu karibu na kiwiko, na matawi ya neva yanayoiamuru yameshachepuka kabla neva yenyewe haijafika kifundoni. Bati likipita kifundoni na kano zikapona, ngumi itabaki vilevile. Kinachopotea ni misuli midogo ya ndani ya kiganja, ile ya kushika sindano, kufunga kifungo na kuhesabu noti, pamoja na hisia za ncha za vidole.

Kipimo chenyewe hakichukui hata dakika tatu, na hakihitaji mashine. Mkono ulale kiganja juu, mgonjwa anyanyue gumba lielekee darini huku wewe ukilisukuma chini kidogo. Msuli wa tako la gumba ukiwa mgumu chini ya kidole chako, neva ya mediani inafanya kazi. Kisha mpe kipande cha karatasi akibane kati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vikiwa vimenyooka, nawe ukivute. Karatasi ikichomoka bila upinzani wakati mkono wake usiojeruhiwa unaizuia, tilia shaka ulnari. Tatu, akunjue kifundo kuelekea mgongo wa mkono na kuonyesha dole, hiyo ni kazi ya neva ya radiali. Hapo pana angalizo: amri za radiali nazo hutoka juu ya kigasha, kwa hiyo jeraha la kifundoni humwachia mgonjwa dole lake na kumwondolea hisia tu, mgongoni mwa gumba.

Hisia hupimwa sehemu tatu. Ncha ya kidole cha shahada ni ya mediani, ncha ya kidole cha mwisho ni ya ulnari, na mgongo wa mkono kwenye bonde kati ya gumba na kidole cha shahada ni wa radiali. Tumia uzi wa pamba au jani la nyasi, usibonyeze kwa kidole, maana mbonyeo husikika hadi kwenye viungo na kukudanganya. Mgonjwa afumbe macho. Na asiulizwe "unasikia?" Watu wetu wana adabu, akiulizwa hivyo na mwenye koti jeupe atajibu "nasikia" hata kama hasikii kitu. Aulizwe: "Hapa na mkono ule mwingine, ni sawasawa?" Hapo ndipo ukweli hutoka.

Yote haya yafanyike kabla ya sindano ya ganzi. Ganzi ikishaingia, hakuna wa kujua kilichokatwa na panga na kilicholazwa na dawa.

Mtoto wa miaka mitatu hajibu maswali, lakini ngozi yake inajibu. Neva ikikatika, ngozi yake huacha kutoa jasho. Telezesha kalamu yenye ganda laini juu ya ncha za vidole: penye neva nzima kalamu hukwamakwama kwa unyevu, penye neva iliyokatika huteleza kama juu ya kioo. Au chovya ncha za vidole tu kwenye maji ya uvuguvugu, kidonda kikiwa kimefunikwa vizuri na kubaki nje ya maji, usubiri robo hadi nusu saa. Vidole vizima hujikunjakunja kama vya mama aliyefua nguo asubuhi nzima. Kisichojikunja kina kasoro.

Nije kwenye damu, maana hapo ndipo wenye nia njema wanapoharibu. Desturi yetu ni kukata ukanda wa tyubu ya baiskeli au kamba ya katani na kuufunga juu ya jeraha. Ukifungwa kwa kulegea unazidisha damu, kwa sababu vena hubanika kwa nguvu kidogo na ateri kwa nguvu nyingi. Damu inaendelea kuingia mkononi, inakosa njia ya kurudi, inatokea kwenye kidonda. Ukifungwa kwa kukaza sana, kamba nyembamba inaiponda neva palepale ilipokaa, na mtu aliyekuwa na jeraha moja anafika hospitali na majeraha mawili.

Bonyeza. Kitambaa safi, kanga iliyokunjwa, kiganja chako juu yake, uzito wa mwili nyuma ya kiganja, mkono wa majeruhi umeinuliwa juu ya kifua, dakika kumi kamili kwa saa bila kuchungulia. Kila ukichungulia unang'oa donge lililoanza kuziba, na unaanza kuhesabu upya. Damu nyekundu ing'aayo inayoruka kwa mapigo ni ya ateri. Ya vena ni nyeusinyeusi, inatiririka tu. Jambo moja huwashangaza wengi: ateri iliyokatika kabisa mara nyingi hutulia mapema kuliko iliyokatika nusu. Iliyokatika kabisa hujivuta ndani na kujifinya mdomo. Iliyokatika nusu imeshikiliwa pande zote mbili, haiwezi kujifinya, inavuja bila kuchoka. Halafu ateri mbili za kifundo zinakutana ndani ya kiganja kama barabara ya mzunguko, kwa hiyo ikikatwa moja, damu hutoka upande wa juu na wa chini pia. Mbonyeo ufunike pande zote mbili za mkato. Mzunguko huohuo ndio unaofanya kiganja kibaki cha moto na chenye rangi nzuri hata ateri moja ikiwa imekatika. Rangi nzuri, basi, isimtulize mtu akaacha kupima.

Ikiwa mbonyeo umeshindwa kabisa, hapo ndipo pa kufunga, na pafungwe kweli. Kitenge kilichokunjwa kwa upana wa vidole vitatu, juu ya jeraha kwa sentimita tano hadi saba na kamwe si juu ya kiwiko chenyewe, fundo moja, kijiti, fundo la pili, kisha zungusha kijiti mpaka damu isimame, ukifunge kisirudi. Andika saa kwa kalamu kwenye paji la uso au mkononi. Usifungue na kufunga njiani kwa kumwonea huruma, damu ya kila ufunguzi ni hasara tupu. Misuli na neva huvumilia takriban saa mbili, baada ya hapo kila dakika ina gharama. Anayetoka vijiji vya ndani Makete au Ludewa wakati wa masika ajue hesabu hiyo kabla ya kuzungusha kijiti. Suala la PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ashughulikie ndugu mmoja huku majeruhi akitibiwa.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya nina ombi moja zito: msizamishe koleo kwenye dimbwi la damu kwa kubahatisha. Ateri na neva hutembea bega kwa bega, na meno ya koleo hayachagui. Kwenye vidole ndiyo hatari zaidi. Kila kidole kina ateri mbili na neva mbili, jozi kila ubavu, na neva iko mbele ya ateri kwa upande wa kiganja. Kwa hiyo mkato wa upande wa kiganja ukirusha damu kwa mapigo, karibu hakika umeshapita kwenye neva kabla ya kufika kwenye ateri. Damu ya kidole inayoruka ni taarifa juu ya neva. Kama mahali hapana mtaalamu wa kuishona, si aibu: osheni kidonda kwa maji mengi safi, shoneni ngozi peke yake, wekeni banzi, mchomeni sindano ya pepopunda, mwandikieni rufaa. Kushona neva kwa pupa ni kubaya kuliko kutoishona, na vitabu vya upasuaji vimeshaandika kisa cha neva ya mediani kuunganishwa na kano kwa sababu zote mbili ni nyeupe. Tofauti yao ipo kwa anayetazama vizuri: kano hung'aa na husogea kidole kinapovutwa, neva ni ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na manjano, na juu yake kumepita kijimshipa cha damu chembamba.

Na barua ya rufaa isiandikwe "mshipa wa mkono umekatika". Iandikwe: "Ganzi ncha ya gumba, shahada na cha kati, gumba halinyanyuki, limepimwa kabla ya dawa." Anayeipokea anajua chumba cha upasuaji kiandaliwe kwa kazi gani na kwa uzi gani, maana neva hushonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Nitapanda juu kidogo hadi kiwikoni, kwa ajili ya watoto. Parachichi zimeleta fedha Rungwe na Njombe, na zimeleta miti ambayo watoto wanaipanda. Mtoto anayeanguka mkono ukiwa umenyooshwa huvunjika mara nyingi juu tu ya kiwiko, na ncha ya mfupa huchomoza mbele, pale ateri kubwa ya mkono na neva ya mediani zinapopita zikiwa jirani. Usimkunje kiwiko kwa nguvu ili aonekane nadhifu kwenye kombeo. Uvimbe na mkunjo vikikutana, ateri inazibwa. Muache katika mkunjo mdogo anaoonea nafuu, weka banzi, mpeleke. Kabla ya kuondoka bonyeza ukucha wake hadi uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Baridi ya Juni Njombe huchelewesha rangi hata kwa mzima, kwa hiyo pasha kiganja moto kwanza kwa mikono yako.

Hatari kubwa zaidi huja baada ya kufungwa, iwe ni hogo la hospitali au magango ya fundi wa mifupa kijijini. Uvimbe hauna pa kwenda, msukumo ndani ya kigasha unapanda, misuli na neva zinakosa damu. Ishara ya kwanza ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, yasiyosikia dawa, na mtoto kupiga kelele unapomnyoosha vidole taratibu. Mapigo ya kifundoni yanaweza kuwepo wakati wote huo, kwa hiyo "mapigo yapo" si jibu. Kata hogo lote kwa urefu, na pamba na bandeji zilizo chini yake pia hadi ngozi ionekane, maana bandeji iliyokauka na damu hubana kama plasta. Mkono uwe usawa wa moyo, na safari ya kwenda kwa mpasuaji ianze saa hiyohiyo, ngozi na utando wa kigasha vifunguliwe. Baada ya saa sita hivi msuli unaanza kufa. Mjerumani Volkmann alieleza mwaka 1881 jinsi mkono huo unavyokuja kukauka na kujikunja milele, na bado tunauona.

Kuhusu radiali kwenye mkono wa juu, niseme kwa ufupi. Neva hiyo imejizungusha nyuma ya mfupa, imeukumbatia. Aliyekunywa ulanzi akalala na mkono ukining'inia nyuma ya benchi huamka kifundo kimelegea, na nyumbani wanasema amerogwa. Neva imegandamizwa, mara nyingi hurudi yenyewe ndani ya wiki chache, mradi kifundo kishikiliwe juu na banzi ili kano zisirefuke. Mikongojo inayoingia hadi kwapani hufanya hivyohivyo. Paachwe nafasi ya vidole viwili au vitatu, uzito ukae viganjani.

Sasa muda, ambao ndio kiini cha malalamiko yangu. Neva iliyoshonwa huota kwa takriban milimita moja kwa siku, sentimita tatu kwa mwezi. Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 18, hivyo ni miezi sita, ukiacha wiki chache za mwanzo ambazo haisogei kabisa. Kutoka kwapani hadi misuli ya kiganja ni sentimita 55 au zaidi, yaani mwaka na nusu na ziada. Nao msuli usio na neva haungoji: kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu unageuka nyuzi zisizofufuka. Piga hesabu mwenyewe ya mtu aliyekaa nyumbani miezi minne akisubiri "mshipa urudi". Neva ishonwe ndani ya siku chache za mwanzo, kabla ncha zake hazijajivuta na kuota uvimbe.

Aliyeshonwa anaweza kuifuatilia mwenyewe. Gonga kwa ncha ya kidole kuanzia kiganjani kupanda kwenye kovu. Mahali panapotoa mshtuko kama wa umeme unaokimbilia vidoleni ndipo neva ilipofikia. Weka alama, pima kwa rula kutoka kwenye kovu, rudia kila mwezi. Tinel wa Ufaransa na Hoffmann wa Ujerumani waliandika juu ya dalili hii mwaka mmoja, 1915, nchi zao zikiwa vitani. Alama isiposogea kwa miezi mitatu, rudi kwa aliyekushona ukiwa na vipimo vyako mkononi.

Huku nyuma mkono usiohisi una maadui wake, na nyanda zetu za baridi zinao wengi. Julai watu hukaa mikono ikiwa juu ya jiko la mkaa. Asiyehisi huungua hadi kidonda kabla hajasikia harufu. Sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene, maji yapimwe kwa mkono wa pili au kwa kiwiko, ngozi isiyotoa jasho ipakwe mafuta asubuhi na jioni isipasuke. Viungo vyote vya vidole vinyooshwe na kukunjwa kwa mkono mzima, mara kumi kila kimoja, mara nne kwa siku, vikishatoka kwenye banzi. Na mpini wa jembe uzungushiwe kitambaa unenepe, kwa sababu asiyehisi hukaza kupita kiasi, na malengelenge yake huyaona jioni akinawa.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Iringa.